Kamari na Mshahara

Ndugu wafanyakazi, hapa Makindye wapo vijana wanaosema kamari ndiyo kazi yao: karata za intaneti, mipira ya Ulaya. Basi tuhesabu pato lao. Timu mbili zina nguvu sawa, na tajiri wa kamari analipa 1.85 kwa kila shilingi. Wawili wakiweka 1,000 kila mmoja, pande tofauti, mshindi hupewa 1,850. Zile 150 ni za tajiri, ashinde huyu au yule. Unganisha mechi kumi kama hizo kwenye tiketi moja: nafasi yako ni 1 katika 1,024, malipo ni kama mara 470 tu! Kwenye karata, tajiri hukata chake mezani. Kinachobaki kimetoka mfukoni mwa mwenzako. Wachache hupata, ndiyo, kwa jasho la wengi wanaopoteza.

Lakini tusiwacheke. Kima cha chini cha mshahara Uganda bado ni kile cha 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kukibadili, Rais akakataa kuutia sahihi. Ni matawi mangapi yameuliza tangu hapo mswada ule umefikia wapi?