Moto Umetoka Wapi?

Aliyewahi kukaa karibu na mtambo wa gongo anajua kwamba kinachokwisha mapema ni kuni. Kiwanda kikubwa cha ethanoli nacho kina njaa hiyohiyo. Mahindi husagwa na kupikwa, huchachushwa kwa hamira, kisha pombe huchemshwa ili itengane na maji, na machicha yanayobaki hukaushwa yawe chakula cha ng'ombe. Mapishi, uchemshaji na ukaushaji, vyote vinataka joto. Toleo hili linahusu nishati ya mimea, nami namwomba msomaji aliingie na swali moja: moto umetoka wapi?

Marekani ililijibu swali hilo kwa namna inayotufundisha. Mwaka 2005 sheria ya nishati iliagiza nishati ya mimea ichanganywe katika petroli. Mwaka huohuo bei ya gesi asilia ilipaa, hasa baada ya kimbunga Katrina. Baadhi ya wajenzi wa viwanda wakageukia makaa ya mawe. Kati ya 2005 na 2007 miji midogo kama Goldfield na Nevada katika jimbo la Iowa, Richardton huko North Dakota na Heron Lake huko Minnesota ilipata viwanda vya ethanoli vilivyoendeshwa kwa makaa hayo.

Teknolojia iliyoyapa makaa heshima mpya ni boila ya mchanga unaochemka. Hewa hupulizwa kwa nguvu kutoka chini hadi mchanga unatokota kama uji, na makaa huungua ndani yake kwa nyuzijoto 800 hadi 900 hivi. Kwa kuwa joto hilo ni la chini kuliko la tanuri za kawaida za makaa, oksidi za naitrojeni hupungua. Mawe ya chokaa yaliyosagwa huinasa salfa na kuigeuza unga mkavu wa jamii ya jasi. Ni kazi nzuri ya uhandisi, na jirani wa kiwanda hupumua hewa iliyo afadhali.

Lakini mchanga haunasi hewa ukaa, na chokaa yenyewe ikipata joto huitoa. Mwaka 2007 watafiti wa maabara ya Argonne, hukohuko Marekani, walipima safari yote ya ethanoli ya mahindi, toka shambani hadi kwenye gari, wakailinganisha na petroli. Kiwanda kikitumia makaa ya mawe, gesi zinazopasha dunia joto huongezeka kwa asilimia 3. Kikitumia vipande vya mbao, hupungua kwa asilimia 52. Ethanoli ni ileile ya mahindi. Kilichobadilika ni kinachoungua chini ya boila.

Desemba 2007 sheria mpya ikadai viwanda vipya vya ethanoli ya mahindi vipunguze gesi hizo kwa asilimia 20 angalau. Vilivyokwisha kuanza kujengwa vilisamehewa sharti hilo. Hata hivyo, gesi asilia iliposhuka bei, kiwanda cha Heron Lake kilihamia kwenye gesi mwaka 2011, na cha Nevada kikafuata.

Haya yanatuhusu. Ethanoli imekwishaingia majikoni Nairobi na Dar es Salaam kuchukua nafasi ya mkaa, nasi tunaitakia heri. Ila kiwanda kikichoma makaa ya mawe au magogo ya msitu, moshi utakuwa umehama tu kutoka jikoni kwa mama hadi kwenye dohani ya kiwanda. Viwanda vya miwa vina makapi yake, na boila ya mchanga huyachoma vizuri, sawa na pumba za mpunga na mabaki ya mbao. Kwa hiyo ugomvi wetu hauko na boila. Tunachodai ni kwamba kila anayeomba leseni ya kutengeneza ethanoli aandike wazi atachoma nini, kiasi gani kwa kila lita, na atakipata wapi. Makala zinazofuata zisomwe kwa kipimo hicho, na zisipokifikia, msomaji atuandikie kutudai.