Tajiri Katika Halmashauri ya Shule

Tangu mwaka 2010, Benki ya Equity na wakfu wa Mastercard, kupitia mpango wa Wings to Fly, wamewalipia maelfu ya watoto wa maskini karo ya shule za upili. Twawashukuru. Lakini karo humwinua mwanafunzi mmoja mmoja. Shule ya kijijini yaweza kubaki vile vile, maabara tupu, na hesabu zisisomewe wazazi.

Sisi mawakili twawakumbusha wafanyabiashara kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yairuhusu halmashauri ya shule kuwaalika wenye ujuzi. Na waingie, wakague hesabu na zabuni za mahindi na maharagwe. Ila anayeketi humo asiiuzie shule hata kibiriti: mkono utoao usiwe ndio upokeao.

Wala ukarimu wao usiifutie serikali deni lake. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 champa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo, na kisheria upili umo.

Enyi waumini ambao makanisa yenu hufadhili shule, viti mnavyo. Ulizeni: hesabu ziko wapi?