Amerudi na pua mpya: tumcheke au tumwuguze?



Mwezi huu napenda tuzungumzie jambo ambalo zamani halikuwapo katika parokia zetu. Siku hizi baadhi ya mabinti wetu, hasa wale wenye kazi mjini, husafiri hadi Istanbul, Uturuki, kupasuliwa pua ili iwe nyembamba au ichongoke. Wengine huweka akiba kwa miaka, wengine hulipiwa. Leo sitaki kuzungumzia safari yenyewe, bali siku zinazofuata akisharudi nyumbani, kwa sababu hapo ndipo sisi wazazi na wauguzi tunapokosea.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Usiku mmoja mama mmoja alimleta binti yake wodini, uso wote umefunikwa kanga. Majirani walikuwa wameambiwa kwamba ameanguka na pikipiki. Nilipofunua kanga niliona plasta ngumu juu ya pua na macho yaliyovimba, nikaelewa. Badala ya kumwuliza anaumwa wapi, nilimwuliza, "Binti yangu, pua aliyokupa Mungu ilikuwa na kosa gani?" Wenzangu wakacheka. Binti akatokwa na machozi. Tangu hapo kila nilichomwuliza alijibu "ndiyo, Mama" au "hapana, Mama", basi.

Asubuhi ndipo aliponieleza aliyokuwa ameyaficha. Aliambiwa akae kule siku 10, lakini fedha za hoteli zilimwishia, akapanda ndege siku ya 6. Alipofika nyumbani kichwa kilimwuma, akameza aspirini za dukani. Siku ya 8 pua iliziba pande zote mbili, ikaanza kuuma sana, na homa ikapanda. Alikaa siku 2 chumbani akiogopa kuchekwa. Kumbe damu ilikuwa imejikusanya katika ukuta wa katikati ya pua na kugeuka jipu. Daktari wetu alilipasua, akamwanzishia dawa za kuua vijidudu, kisha akampeleka kwa bingwa wa masikio, pua na koo katika hospitali ya rufaa. Alipona, lakini mgongo wa pua ulibonyea kidogo.

Wasomaji waelewe sababu. Ukuta wa katikati ya pua umejengwa kwa gegedu, na gegedu hilo hupata chakula chake kutoka katika ngozi laini inayolifunika. Damu ikijikusanya kati yake na ngozi hiyo, gegedu hukosa chakula na huweza kufa kwa muda wa siku chache tu. Kwa hiyo zile siku 2 za aibu, na ule usiku niliouharibu kwa swali langu, vilikuwa na gharama.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni dhambi, na mwenye dhambi avune alichopanda. Mafundisho ya Kanisa yana busara kuliko hayo. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku 5 kabla ya kufariki kwake, Papa Pius XII alizungumza na madaktari wa Italia wanaofanya upasuaji wa namna hii. Hakuukataa wote kwa jumla. Alifundisha kwamba uzuri wa mwili ni jambo jema, ingawa si jema lililo kuu, na kwamba upasuaji wake upimwe kwa nia ya mtu, sababu zake na hatari zilizopo. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2289, inatuonya tusiuabudu mwili. Basi mzazi ana haki ya kumshauri mwanawe, hata kumkemea, kabla ya safari. Akisharudi na kidonda ni mgonjwa, na mgonjwa huuguzwa.

Haya ndiyo ya kumfanyia nyumbani:

1. Alale chali, kichwa kimeinuliwa kwa mito miwili au mitatu. Uvimbe na weusi chini ya macho hupungua sana katika wiki 2 za mwanzo.

2. Asipenge kamasi kwa wiki 2 au zaidi, kadiri alivyoagizwa. Akipiga chafya afungue kinywa.

3. Asibebe ndoo ya maji, asitwange, wala asiiname kufua kwa wiki 3 au 4. Dada zake wamsaidie bila manung'uniko.

4. Akae mbali na moshi wa kuni, sigara na ugoro. Asijifukize kwa mvuke wa moto.

5. Kwa maumivu apewe parasetamoli kwa kipimo chake. Asimeze aspirini, diklofenaki wala dawa nyingine ya dukani bila kuuliza, kwani baadhi huzidisha kutoka damu.

6. Avae nguo ya vifungo, si ya kupitisha kichwani. Miwani isikalie pua mpaka daktari aruhusu. Plasta ngumu asiibandue mwenyewe. Kwa kawaida daktari huiondoa baada ya wiki moja hivi.

Aletwe hospitali mara moja akiona damu inatoka mfululizo, pua imeziba pande zote mbili na maumivu yanazidi, usaha au harufu mbaya, homa, au macho kuona vibaya. Homa ikipimwa malaria na kuonekana ipo, msitosheke. Pua nayo iangaliwe. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikimbana ghafla, ni hatari kubwa, kwani baada ya upasuaji na safari ndefu ya ndege damu huweza kuganda katika mishipa.

Kwa anayejiandaa kusafiri, hesabu na siku za kupona. Usipande ndege kabla ya siku 7 hadi 10, wala kabla ya daktari wako kukuruhusu. Rudi na karatasi zilizoandikwa kwa Kiingereza, zinazoonyesha ulichofanyiwa na dawa ulizopewa. Ujue pia kwamba uvimbe wa ncha ya pua huchukua mwaka mzima au zaidi kwisha, na kwa pua yenye ngozi nene, kama zilivyo nyingi za kwetu, huenda polepole zaidi. Usiihukumu pua yako mwezi wa kwanza. Tena daktari aliyekupasua hubaki Istanbul. Atakujibu kwa simu, atatazama picha, lakini hawezi kupasua jipu kwa simu. Atakayelipasua ni huyu wa hapa kwetu, nawe usimwogope.

Najua wengine watasema, "Mama Muuguzi, mkiwapokea hivyo mtawatia moyo wengine waende." Sidhani. Hakuna binti anayekwenda Uturuki kwa sababu muuguzi wa misheni alisema naye kwa upole. Yule wetu aliniambia jina aliloitwa nyumbani tangu akiwa mdogo: Pua Bapa. Wa kwanza kumwita hivyo alikuwa mjomba wake, mezani, na watu wote wakacheka. Kama dhihaka ndiyo iliyomfikisha kwenye kisu, dhihaka nyingine itamponyaje? Wazazi wanaotaka watoto wao waridhike na sura walizopewa na Mungu waanze kwa kuchunga ndimi zao wakati watoto hao wangali wadogo.

Msamaria Mwema hakumwuliza yule majeruhi kwa nini alipita peke yake njia ya Yeriko. Alimfunga majeraha kwanza. Mimi nilimwomba binti yule msamaha, naye akanisamehe, na tangu siku hiyo wodini kwetu swali la kwanza ni moja tu: "Unaumwa wapi?" Nawaomba wazazi na Jumuiya Ndogo Ndogo mlifanye kuwa lenu pia.

Mungu awabariki.