Megawati 50 za Garissa: Tujifunze kupima kabla ya kushangilia

MNAMO Desemba 13, 2019, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alifungua rasmi mtambo wa umeme wa jua wa Garissa. Ulijengwa kwa mkopo wa Benki ya Exim ya Uchina juu ya hekta 85 za ardhi kame, nao ukatajwa kuwa mkubwa kuliko yote ya aina yake Afrika Mashariki na Kati. Tangu siku hiyo nambari moja imekuwa ikirudiwa katika hotuba na vichwa vya habari: megawati 50.

Nambari hiyo si ya uongo. Lakini ni wachache waliowahi kuwaeleza wakazi wa Garissa, Wajir na Mandera maana yake. Megawati hupima nguvu ya mtambo kwa wakati mmoja, ilhali mwananchi hulipia yuniti, yaani nishati iliyokusanyika saa baada ya saa. Anayechanganya mambo haya mawili ni sawa na anayetaja kasi ya gari na kudhani ametaja umbali wa safari.

Tuanze na paneli zenyewe. Kwa mujibu wa takwimu za mradi, zilisimikwa paneli 206,272, kila moja ikiwa na uwezo wa wati 265. Ukizidisha utapata zaidi kidogo ya megawati 54.6. Hata hivyo, wati hizo 265 hupimwa kiwandani chini ya masharti maalumu: mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita mraba, na paneli ikiwa na joto la nyuzi 25 pekee. Nani amewahi kugusa bati la Garissa saa saba mchana akalikuta na nyuzi 25? Paneli ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu zake kwa kila nyuzi inayozidi kiwango hicho. Ikifika nyuzi 60, jambo la kawaida katika nchi kavu, wati 265 hushuka hadi takriban 228. Vumbi nalo huchukua fungu lake. Ndiyo kusema jua lile lile linaloleta umeme ndilo linaloupunguza.

Waliobuni mradi walilijua hilo. Makadirio yao yalikuwa yuniti milioni 76.47 kwa mwaka. Ukizigawa kwa saa 8,760 za mwaka mzima, unapata wastani wa megawati 8.7, ambao ni asilimia 17.5 ya zile 50 zilizotangazwa. Hakuna aibu katika jambo hilo, kwa kuwa jua huchwa kila jioni popote duniani. Aibu ni kumwachia mwananchi aamini kwamba megawati 50 humiminika mchana na usiku, hali mtambo ulijengwa bila hifadhi kubwa ya betri, na Wakenya hutumia umeme mwingi zaidi baada ya magharibi.

Zipo pia nyumba 625,000 ambazo taarifa nyingi za wakati ule zilisema zingepata umeme. Yuniti milioni 76.47 zikigawiwa nyumba hizo, kila moja hupata takriban yuniti 10 kwa mwezi. Hizo hutosha balbu chache, redio na kuchaji simu. Hazitoshi kuendesha friji ya duka la maziwa. Isitoshe, hesabu hiyo imefanywa kwenye lango la mtambo. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24, takriban asilimia 23 ya umeme ulionunuliwa na Kenya Power ulipotea kabla ya kulipiwa, mwingine ukigeuka joto katika nyaya na mwingine ukiibwa. Ukiitoa hasara ya kiwango hicho, fungu la kila nyumba hushuka chini ya yuniti nane.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Ufanisi wa mtambo wowote hutegemea mahali mita inapowekwa, na muda inaoachwa ikihesabu. Swali hilo hilo ndilo limeamua hatima ya madai makubwa kuliko haya, yale ya mitambo ya majaribio inayosemekana kutoa nishati ya nyuklia katika joto la chini.

Mnamo Machi 23, 1989, wanakemia Martin Fleischmann na Stanley Pons walitangaza katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, kwamba wamepitisha umeme katika maji mazito kwa kutumia madini ya paladiamu, wakapata joto lililozidi umeme walioingiza. Dunia ilishtuka. Maabara nyingi zilijaribu na kushindwa kuupata matokeo hayo kwa uhakika. Wanasayansi wenzao walihoji namna joto lilivyopimwa, na pia kukosekana kwa mnururisho ambao kwa kawaida huandamana na mabadiliko ya nyuklia.

Mwaka 2011 Mwitalia Andrea Rossi alionyesha mjini Bologna mtambo aliodai hutoa nishati mara kadhaa ya ile unayotumia. Ushahidi wake ulikuwa mvuke. Wakosoaji waliuliza: je, mvuke huo ni mkavu, au umebeba matone ya maji? Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Kuchemsha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 huhitaji takriban kilojuli 314. Kuyageuza yote kuwa mvuke huhitaji nyingine 2,257, mara saba zaidi. Kwa hiyo anayehesabu matone kana kwamba ni mvuke huzidisha nishati mara nyingi bila ya kuongeza hata kuni moja mekoni. Mzozo kati ya Rossi na kampuni iliyogharamia kazi yake ulifika mahakamani Florida mwaka 2016, ukamalizwa kwa maelewano mwaka 2017. Mwaka 2019, watafiti waliofadhiliwa na Google walieleza katika jarida la Nature kwamba, baada ya miaka kadhaa ya majaribio makini, hawakuona ushahidi wa jambo hilo.

Hata pale sayansi inaposhinda, mita huhitaji macho. Desemba 2022, maabara ya Lawrence Livermore ya California iliunganisha viini vya atomi kwa leza, ikaingiza megajuli 2.05 na kupata 3.15. Ulikuwa ushindi wa kweli. Lakini leza zenyewe zilivuta takriban megajuli 300 kutoka kwenye gridi. Mita ikiwekwa kwenye shabaha, faida ni mara moja na nusu. Ikiwekwa ukutani, kilichorudi ni takriban asilimia moja.

Msomaji atauliza, haya yanamhusu nini mfugaji wa Habaswein? Yanamhusu sana. Miji kama Wajir na Mandera, iliyo mbali na gridi ya taifa, ilikua kwa miaka mingi ikitegemea majenereta ya dizeli. Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban yuniti 10, na jenereta nzuri hutoa yuniti tatu na nusu hadi nne za umeme. Zinazobaki huishia kwenye moshi na joto, na gharama ya mafuta huingia katika bili. Mnamo 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa sola nje ya gridi katika kaunti 14, zikiwemo Garissa, Wajir na Mandera. Palipo na kiu kama hii na fedha kama hizi, wauzaji wa miujiza hawakosi kubisha hodi, na atakayelipa kosa ni yule ambaye zahanati yake italala gizani na chanjo zikiharibika.

Katika soko la mifugo la Garissa hakuna anayenunua ng'ombe kwa urefu wa pembe. Mnunuzi humzunguka, humpapasa, humtazama akitembea. Viongozi wa kaunti na wizara wafanye vivyo hivyo. Waulize: Nishati iliyoingia ni kiasi gani, na iliyotoka ni kiasi gani? Mita imewekwa wapi? Imehesabu kwa muda gani, mchana na usiku, kiangazi na masika? Na ni nani asiye na hisa katika mradi aliyeisoma?

Mtambo wa Garissa unaweza kujibu maswali hayo kwa fahari. Mchana unapozalisha, maji hubaki katika mabwawa ya Mto Tana, kama Masinga na Kiambere, yakisubiri jioni. Hiyo ni faida ambayo nambari 50 haiielezi kamwe. Shirika la REREC, linaloumiliki, na Kenya Power, inayonunua umeme wake, wachapishe kila mwezi yuniti zilizopimwa langoni, na wabandike nakala katika ofisi za kaunti. Mwananchi wa Garissa amekaa na mtambo huo tangu 2019. Anastahili kujua unampa nini, kwa yuniti.