Kabla Uongeze Kifurushi, Sogeza Rauta

Wasee, mimi nimelipia intaneti ya bei juu miezi mitatu bure kabisa. Nilidhani kifurushi changu ni kidogo. Halafu usiku wa mwisho, video ya mteja ikakwama kwa asilimia 80. Kazi ikaenda, na kodi ya nyumba ikaenda nayo.

Kumbe rauta ilikuwa sakafuni nyuma ya TV, na kati yake na meza yangu kuna kuta mbili za mawe.

Msimamo wangu ni huu: wengi wetu hatuhitaji spidi zaidi, tunahitaji kupima kwanza. Unganisha laptopu na rauta kwa kebo. Kama kwa kebo iko poa na kwa WiFi ni mbovu, shida iko ndani ya nyumba, na kifurushi kikubwa hakitaitoa. Kama kote ni mbovu, hapo sasa pigia kampuni simu, ukiwa na vipimo mkononi.

Shida ikiwa ni nyumba, inua rauta, iweke katikati, mbali na maikrowevu. Ukiwa karibu nayo tumia GHz 5, ina kasi. Chumba cha mbali, GHz 2.4 inapenya ukuta vizuri zaidi, lakini kwa fleti imejaa rauta za majirani. Jaribu chaneli 1, 6 ama 11, ubaki na ile haina msongamano.

Mimi nilitumia misumari na kipande cha ubao. Nimerudi kwa kifurushi cha zamani, na video zinapanda.

Na wewe, unalipia spidi ama unalipia ukuta?