Hasara ya mbetaji haimo hesabuni

Jioni yoyote pale Buguruni, kati ya Sokoni na Malapa, utawakuta vijana mbele ya maduka ya kubeti, mkeka mkononi. Wapo watakaokwambia bila haya kwamba hiyo ndiyo kazi yao. Majuzi mwanafunzi wangu aliniuliza: ikiwa ni kazi, mbona mtu haruhusiwi kuondoa hasara zake kabla ya kukatwa kodi?

Swali si la kipuuzi. Mwaka 1987, katika shauri la Groetzinger, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba mtu anayecheza kamari muda wake wote ili ajipatie riziki anaendesha biashara. Kwetu, ushindi hukatwa kodi palepale unapolipwa. Tuchukue kiwango cha asilimia 15, kilichowekwa mwaka 2021 kwa michezo ya kubashiri. Kijana anaweka shilingi 20,000 kila wiki kwa wiki kumi. Mikeka tisa inachanika. Mmoja unamletea 100,000 juu ya dau lake. Amepoteza 180,000, amepata 100,000, na bado anadaiwa kodi ya 15,000. Amelipia kodi hasara yake.

Sasa itazame kampuni. Kodi yake, iliyopandishwa mwaka huohuo kutoka asilimia 25 hadi 30, hutozwa kwenye madau yote baada ya kuondoa ushindi uliolipwa. Kumbe kutoa kunawezekana! Mwenye duka anaruhusiwa kutoa; mteja wake haruhusiwi.

Hata hivyo siungi mkono kumpa mbetaji haki hiyo. Muuza matunda wa Buguruni asiyetunza hesabu hukadiriwa kodi kwa mauzo, si kwa faida. Sioni kwa nini mcheza kamari atangulizwe mbele yake, tena kwa muhuri wa serikali kwamba kubeti ni taaluma. Njia ya haki ni fupi zaidi: kodi ya ushindi ifutwe, na pengo lake lijazwe kwa kupandisha kiwango cha kampuni. Uingereza iliacha kutoza ushuru kwenye madau mwaka 2001, ikauhamishia kwenye pato ghafi la makampuni. Wakilalamika kwamba faida itapungua, wafungue vitabu vyao mbele ya Kamati ya Bajeti.

Nilimweleza hayo mwanafunzi wangu. Hakuridhika. Akatoa simu, akanionyesha mikeka yake ya tangu Januari.