Kijitabu cha Mazishi Kipelekwe Maktaba

Msimu wa mitihani, maktaba za umma nchini Kenya hufurika watu, lakini wengi wao hawagusi kitabu hata kimoja cha pale. Wamekuja na madaftari yao. Wanachotaka ni kiti na utulivu. Sina ugomvi nao. Ninachopinga ni kuridhika kwamba maktaba ni chumba cha kudurusia tu, na mtu mzima anayetafuta habari za ukoo wake aambiwe akawaulize wazee.

Wazee wanajua mengi, ila wanapungua, na hata waliopo hawaafikiani: huyu anasema babu alihamia Nakuru kabla ya vita, yule anasema baada. Hapo karatasi husaidia.

Chukua Gazeti Rasmi la Serikali, linalochapishwa tangu 1899. Wengi hulisikia wakubwa wanapoteuliwa. Lakini tangu Sheria ya Urithi ianze kutumika mwaka 1981, anayeomba mahakamani kusimamia mali ya marehemu hutangazwa humo: jina la marehemu, alikokuwa akiishi, tarehe aliyofariki, jina la mwombaji na mara nyingi uhusiano wao. Mwenye pingamizi ana siku 30. Mistari michache ya Kiingereza kikavu cha mahakama, na ghafla unakutana na binti ambaye nyumbani hakutajwa kamwe. Waliobadilisha majina nao wamo, jina la zamani na jipya pamoja.

Mtu atasema matoleo mengi yamo intanetini. Kweli, na ni heri. Lakini nani atakuambia kwamba jina la babu huenda liliandikwa kwa tahajia tatu, au kwamba wilaya yake iligawanywa baadaye? Hiyo ni kazi ya mkutubi, na ndiye ningemlipia mafunzo kabla ya kununua kompyuta nyingine.

Hata hivyo, karatasi zina upendeleo wake. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, yenye hazina kubwa ya magazeti ya zamani, ilifunguliwa 1931 kwa Wazungu pekee. Waafrika walingoja hadi 1958. Magazeti ya enzi hiyo yalitangaza harusi na misiba ya walowezi kwa majina kamili, huku mpishi wao akiwa “boi” tu. Nalo Gazeti Rasmi humtaja zaidi aliyeacha shamba au akaunti ya benki. Bibi asiye na hatimiliki hayumo.

Yumo kwingine. Karibu kila mazishi siku hizi yana kijitabu: wasifu wa marehemu, wazazi wake, mumewe, watoto kwa mpangilio, shule, kanisa, wajukuu, na picha ambazo hata jamaa hawajawahi kuziona. Huchapishwa kwa mamia. Wiki ikiisha vinafungiwa maandazi. Maktaba ya kaunti ikiomba nakala moja tu ya kila kijitabu na kuzipanga kwa kijiji na mwaka, baada ya miaka kumi itakuwa na kumbukumbu ambazo serikali haikuwahi kuzikusanya, na wanawake watakuwamo.

Utata hautakosekana. Mke wa pili huachwa nje ya wasifu, mtoto wa nje hafutiwi tu jina bali pia sehemu yake ya shamba, na wakati mwingine nyumba mbili huchapisha vijitabu viwili vinavyokinzana. Mkutubi hana mamlaka ya kuamua nani mke. Avipokee vyote viwili, aandike tarehe na jina la aliyeleta, aviweke faili moja.